Mbwa uliyemwokoa ametoka upasuaji na kuna kitu hakiko sawa: dalili, chanzo na la kufanya

Mbwa uliyemlea tangu akiwa mtoto unamjua. Akijikunja kwenye kona baada ya upasuaji, unajua kama ndivyo alivyo akichoka au kama kuna jambo. Mbwa uliyemwokoa juzi, ambaye leo daktari amekukabidhi akiwa na mshono unaoanzia kitovuni hadi katikati ya mapaja, humjui. Hujui hulala upande gani, hunywa maji kiasi gani, huogopa nini. Ndiyo maana karibu kila dalili utakayoiona katika wiki hizi mbili itakuja na swali lile lile: hii ni hofu, ni maumivu, au kuna kitu kimeharibika ndani?

Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wa wanyama. Yatakusaidia kujua umpigie lini, na ukimpigia umwambie nini.

## Kabla ya dalili yoyote, tafuta kawaida yake

Chukua daftari usiku ule ule wa kwanza. Andika saa ya kila dawa, kila alichokula na kunywa, kila alipokojoa na kunya, kila alipotapika. Kisha ongeza vipimo hivi vichache.

Pumzi: mhesabu akiwa amelala, kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 uzidishe mara 2. Mbwa aliyelala salama kwa kawaida hapiti pumzi 30 kwa dakika. Fizi: ziwe za waridi na zenye unyevu, zibonyeze kwa kidole hadi zipauke, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa mwenye fizi nyeusi kwa asili mtazame ndani ya kope la chini. Joto la mwili, linalopimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Mwisho, piga picha ya mshono asubuhi na jioni, kwa umbali ule ule na mwanga ule ule.

Ila kama mbwa wako anaogopa mikono, usipigane naye kwa ajili ya kipimajoto. Pumzi unaweza kuhesabu ukiwa mlangoni, na fizi utaziona akipiga miayo. Mapambano ya kila jioni yatapandisha pumzi na mapigo ya moyo, kisha utaandika namba zisizokusaidia, na atajifunza kwamba kila ukikaribia kuna jambo baya.

Namba moja peke yake haisemi mengi. Pumzi 28 leo, 34 kesho, 42 kesho kutwa: hapo unaambiwa kitu, hata kama bado anatikisa mkia.

## Yasiyosubiri asubuhi

Piga simu na uanze safari mara moja ukiona fizi zimekuwa nyeupe, za kijivu au za bluu. Tumbo linajaa na kukaza. Anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu. Anavuta pumzi kwa shida huku shingo ameinyoosha. Ameanguka au hawezi kuinua kichwa. Ametetemeka kwa kifafa. Hajakojoa kabisa kwa saa 24. Au joto limefika 40, au limeshuka chini ya 37.2.

Fizi nyeupe pamoja na udhaifu wa ghafla, hasa baada ya kutolewa bandama au mfuko wa uzazi, ni dalili ya kuvuja damu ndani. Huenda usione hata tone moja nje.

Na mshono wa tumbo ukifunguka hadi ukaona mafuta au utumbo, usirudishe kitu ndani. Lowesha kitambaa safi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa kwa kila nusu lita, ufunike, uzungushie taulo kiunoni, na mtu mmoja amshike kichwa njia nzima. Mbwa huweza kujing'ata utumbo wake mwenyewe kwa dakika chache tu.

## Analia, anahema, hatulii usiku wa kwanza

Anza na la rahisi: kibofu. Amewekewa dripu kwa saa nyingi, na dawa nyingine hulegeza msukumo wa kukojoa. Mtoe nje taratibu. Wengi hunyamaza wakishakojoa.

Kama bado analia, inawezekana ni dawa za usingizi. Mbwa aliyelewa dawa hutazama lakini haoni. Unamwita jina hageuki, analia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, anatembea kwenda ukutani. Ukimgusa karibu na kidonda kilio hakibadiliki. Hali hii hupungua saa kwa saa na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Punguza taa na kelele, mfunike akiwa na baridi, kaa naye.

Maumivu yana sura nyingine. Anahema ilhali hakuna joto. Hataki kulala ubavu. Anageuka kutazama kidonda, au anasimama na mgongo umepinda, au anashusha kifua chini huku makalio yako juu kama anayesujudu, jambo ambalo mara nyingi ni maumivu ya tumbo. Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Scotland, kilitengeneza kipimo cha maumivu kinachotumiwa na madaktari wa wanyama wengi. Kinatazama mambo sita: sauti, jinsi anavyokishughulikia kidonda, kutembea, anavyoitikia akibonyezwa taratibu sentimita 5 hivi kutoka kwenye kidonda, hali yake ya hisia, na mkao. Fomu fupi ina alama 24, na akifikisha 6 daktari huanza kufikiria kumwongezea dawa. Kwa mbwa asiyeweza kutembea ni 5 kati ya 20. Mwombe daktari wako akuoneshe namna ya kuijaza, ukimpigia usiku na kumwambia "amefika 8 tangu saa nne", mtaelewana haraka kuliko ukisema "anaonekana hana raha."

Kisha kuna hofu, na hapa ndipo mbwa wa kuokolewa anapotuchanganya. Mbwa aliyeishi kwa kupigwa mawe amejifunza kunyamaza. Akiumia hatalia mbele yako. Atakaa kimya, macho yamekazwa ukutani, na wewe utasema "maskini, anaogopa tu."

Mimi nilisema hivyo kwa Pili. Alikuwa jike mdogo aliyegongwa na gari, mguu wake wa nyuma wa kulia ukakatwa kuanzia kwenye nyonga. Usiku wa pili aliketi ameupa mgongo mlango, hajalia hata mara moja, na nilidhani anaogopa chumba kipya. Niliegemeza simu kwenye kiti, nikairuhusu irekodi video, nikatoka na kufunga mlango. Baada ya dakika ishirini nikarudi kutazama. Hakuwa amelala. Kichwa kilikuwa kinainama polepole kama cha abiria anayesinzia, pua inakaribia kugusa godoro, halafu anashtuka na kujiinua tena. Nilihesabu mara kumi na moja. Mbwa anayeogopa mtu, mtu akiondoka, hulegea angalau kidogo: anahema kwa kina, anajilamba miguu, anajitupa chini. Pili hakulegea, kwa sababu kilichomkesha kilikuwa kwenye nyonga yake. Nilipoinua kona ya godoro nikakuta vidonge viwili vya maumivu, vimeyeyuka nusu, vimenata manyoya. Alikuwa akivishika shavuni hadi nigeuke.

Tangu siku hiyo ninafanya mambo mawili kwa kila mbwa ninayemwuguza. Narekodi video nikiwa sipo. Na nikimpa kidonge nakaa hadi ajilambe pua, kwa maana mbwa akijilamba pua kwa kawaida ameshameza.

Daftari litakuonesha pia kama maumivu yanarudi kwa saa maalumu. Dawa inayotolewa kila baada ya saa 12 lakini inaisha nguvu baada ya saa 9 itaonekana waziwazi ukiandika, na daktari anaweza kubadilisha ratiba au kuongeza dawa ya aina nyingine. Wewe usiongeze mwenyewe. Na usimpe dawa ya watu hata robo kidonge: ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na parasetamoli ina tofauti ndogo mno kati ya kipimo salama na cha sumu, ikizidi huharibu ini na damu.

## Hataki kula

Saa 24 za kwanza usihangaike sana. Dawa za usingizi huleta kichefuchefu, na kula kidogo ni kawaida. Ikifika saa 48 bado anakataa kila kitu, piga simu. Mtoto wa mbwa na mbwa mdogo sana kwa umbo wasingojee hata hizo 48, kwa sababu sukari ya damu yao hushuka haraka.

Kabla hujapiga simu, jaribu haya. Ondoka chumbani: mbwa wengi waliotoka mtaani hawali wakitazamwa, kwao anayesimama karibu na chakula ni mpinzani. Mvue kola ya koni (ile kola pana ya kumzuia kulamba mshono) akiwa anakula na umsimamie kwa mbali, kwa sababu ukingo wake ukigonga bakuli mara mbili anaacha. Pasha chakula kidogo kiwe na joto la mwili ili kinukie. Inua bakuli kama ana mshono wa kifua au shingo. Kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mifupa wala chumvi, wengi hushindwa kumkataa.

Tazama anavyokataa. Anayenusa, akameza mate, akalamba midomo na kugeuza kichwa ana kichefuchefu, na kuna dawa zake. Anayekuja na hamu, akainamisha kichwa, akasita na kurudi nyuma anaumwa akiinama. Anayekula wewe ukishaondoka anaogopa, na huyo hana tatizo ambalo muda hautalimaliza.

Sasa upande wa pili, ambao watu wengi hawaufikirii: anayekula kupita kiasi. Mbwa uliyemwokota mbavu zikihesabika, akafanyiwa upasuaji, akaamka na kulishwa bakuli lililojaa, yuko hatarini. Mwili uliokaa muda mrefu bila chakula ukipata chakula kingi kwa ghafla hutoa insulini nyingi, nayo huyasukuma madini ya fosforasi na potasiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu ikiishiwa, misuli hulegea, moyo hupiga ovyo, chembe nyekundu za damu hupasuka. Hutokea ndani ya siku chache tangu alipoanza kula, na dalili yake huwa udhaifu kwa mbwa aliyeonekana kuwa anaendelea vizuri. Kwa mbwa aliyekonda sana, anza na sehemu ndogo ya mahitaji yake ya siku, igawe mara nne hadi sita, na upandishe kwa siku kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Najua inauma kumnyima mwenye njaa. Mnyime kwa siku hizo chache.

## Anatapika

Mara moja au mbili siku ya kwanza, kisha akatulia: ni dawa za usingizi, au amekunywa maji mengi kwa pupa. Mpe maji kidogo kidogo.

Akitapika baada ya kila dozi ya dawa ya maumivu, simamisha dawa hiyo na umpigie daktari kabla ya dozi inayofuata. Dawa za jamii ya meloksikamu na kaprofeni huchubua tumbo, zaidi zikitolewa bila chakula. Kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami ni damu iliyosagwa, na hapo hapana dozi nyingine mpaka aonwe. Mweleze daktari kila dawa ambayo mbwa huyu amewahi kupewa na yeyote aliyemhudumia kabla yako. Dawa hizi zikikutana na za jamii ya steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe na mzio) ndani ya siku chache, vidonda vya tumbo hufuata.

Kama upasuaji ulikuwa wa utumbo, kwa mfano kutoa mfupa, kitambaa au mfuko wa plastiki aliomeza, basi zungushia siku ya 3 hadi ya 5 kwenye kalenda. Hapo ndipo mshono wa ndani, ukikataa kushika, huanza kuvuja. Picha yake ni hii: siku mbili alikuwa anapata nafuu, kisha anaacha kula, anatapika, analala bila kutaka kuinuka, tumbo linauma likiguswa, na homa inaweza kuwepo au isiwepo. Usisubiri dalili zote zikamilike. Mbwa aliyekuwa anapanda akaanza kushuka siku ya nne aonwe siku hiyo hiyo.

## Hakojoi, au hapati choo

Mkojo kwanza, maana ndio wenye haraka. Akipita saa 12 tangu afike nyumbani bila kukojoa, anza kuchunguza. Saa 24 ni dharura. Lakini jiulize: huyu mbwa amewahi kufungwa kamba? Amewahi kukojoa mtu akiwa amesimama pembeni yake? Amewahi kukanyaga sakafu laini? Wengi hawajawahi. Mpeleke kwenye udongo au nyasi, tumia kamba ndefu, geuza uso wako upande mwingine, tulia dakika kumi. Kama miguu ya nyuma ni dhaifu, pitisha taulo chini ya tumbo mbele ya mapaja umbebe uzito, ukikwepa mshono.

Anayechuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu, au asiyetoa kitu, kibofu kinaweza kuwa kimejaa na hakifunguki. Aliyefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo huenda akahitaji kukamuliwa kibofu kwa mkono mara kadhaa kwa siku. Hakikisha umefundishwa ukiwa bado kliniki, na umekamua mwenyewe mbele ya daktari. Kuvuja mkojo akiwa amelala kusikupumbaze ukadhani kibofu kinafanya kazi. Mara nyingi ni kufurika.

Kuhusu choo kikubwa, siku 3 hadi 5 bila kitu si ajabu. Alifunga kabla ya upasuaji, amekula kidogo, na dawa kali za maumivu hupunguza mwendo wa utumbo. Maji na chakula laini vinatosha. Usimpe dawa ya watu ya kulainisha choo. Kuhara kidogo kwa mbwa anayetumia antibiotiki ni jambo la kawaida. Kuhara damu na kutapika kwa mbwa ambaye hujui kama amechanjwa ni jambo jingine kabisa. Huenda alibeba virusi vya parvo kabla hujamwokota, maana dalili huchelewa siku 3 hadi 14. Mtenge na mbwa wengine na mpigie daktari kabla hujamwingiza kliniki.

## Mshono

Wengi huogopa yasiyo ya kuogopwa na kuyaacha ya kuogopwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Wekundu mwembamba kwenye kingo na uvimbe kidogo siku 3 za mwanzo ndiyo kazi ya mwili kuponya. Damu nyepesi ya rangi ya waridi inayolowesha kidogo siku ya kwanza, sawa. Michubuko ya zambarau inayotokea siku ya pili na kuteremka hadi katikati ya mapaja au kwenye kifundo cha mguu, sawa pia: damu iliyovuja chini ya ngozi inafuata mteremko. Kadhalika kifundo kinachovimba baada ya upasuaji wa goti.

Michubuko isiyo sawa ni ile inayotokea mbali na kidonda: nukta nyekundu kwenye fizi, ndani ya masikio, au kwenye tumbo pasipokatwa. Kwa mbwa aliyeokotwa amejaa kupe, fikiria ugonjwa wa erlikia, ambao hupunguza chembe sahani za kugandisha damu. Anaweza kuwa aliubeba kimya kwa miezi. Piga simu siku hiyo hiyo na utaje kupe, kwa sababu huenda aliyempasua hakuwakuta. Walishatolewa na mtu aliyetangulia.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 unaweza kukuta uvimbe laini kama puto la maji chini ya mshono, hauna joto, haumuumi. Ni majimaji yaliyojaza nafasi kati ya ngozi na misuli, na chanzo chake kikubwa ni kutembeatembea kupita kiasi. Usiutoboe wala kuukamua. Mpunguzie mwendo, mwoneshe daktari, mara nyingi mwili huyanyonya wenyewe ndani ya wiki chache. Ila ukiwa wa moto, mgumu, unauma, au unarudi ndani ukisukumwa, aonwe haraka: inaweza kuwa jipu, au misuli ya tumbo imeachia chini ya ngozi iliyofungika vizuri.

Kioevu cheupe mgando, cha njano au cha kijani, harufu mbaya, wekundu unaotanuka kila picha: ni maambukizi. Usipake chochote. Peroksidi ya hidrojeni na spiriti huua chembe changa zinazojenga ngozi, na marhamu yoyote humfundisha kulamba.

Kulamba ndiko kunakofungua mishono mingi. Ulimi wa mbwa hukwaruza kidonda na una vijidudu, na dakika tano za usiku zinatosha kung'oa nyuzi. Kola ya koni ipite ncha ya pua kwa sentimita chache, na kati ya shingo na kola vidole viwili vipite. Mbwa wa kuokolewa huweza kuganda kabisa akivalishwa, asitembee wala kunywa. Hajakaidi, kola imemnyima kuona pembeni, na kuona pembeni ndiko kulikomweka hai mtaani. Jaribu ya plastiki angavu, au fulana ya pamba iliyofungwa mgongoni ikiwa mshono ni wa kiwiliwili. Nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Kabla ya hapo hakuna kumwogesha.

## Anakohoa

Kikohozi kikavu siku 1 hadi 3 ni koo lililokwaruzwa na mrija wa kupumulia. Kikiendelea, kikaja na ute puani, pumzi za haraka au homa, huenda matapishi yaliingia kwenye mapafu. Kikija na tongo machoni na mishtuko midogo ya misuli kwa mbwa asiyechanjwa, taja neno distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ukimpigia daktari.

## Hakanyagii mguu, au amekatwa mguu na hainuki

Baada ya kuungwa mfupa, kugusisha vidole chini ndani ya siku chache ni dalili njema. Aliyekuwa anagusisha akaacha ghafla, vyuma vinaweza kuwa vimelegea. Bendeji ikinuka, ikilowa, au vidole vyake vya katikati vikitanuka mbali mbali na kuwa baridi, imebana. Ibadilishwe siku hiyo.

Aliyekatwa mguu kwa kawaida husimama ndani ya siku moja au mbili. Akishindwa, tazama sakafu kabla ya kumtazama mbwa. Kwenye vigae miguu mitatu huteleza, na akishaanguka mara mbili hataki tena. Tandika mikeka isiyoteleza kutoka alipolala hadi mlangoni. Akishtuka usingizini, akalia na kugeukia mahali ambapo mguu haupo, ni misuli inayokakamaa au mishipa ya fahamu iliyokatwa inayoendelea kutuma maumivu. Kuna dawa za maumivu ya mishipa, kama gabapentini, na daktari hawezi kuzitoa kama hujamweleza ulichokiona.

## Ananguruma, amejaribu kuuma

Mbwa mpole akinguruma ukigusa upande mmoja tu, umepata mahali panapouma. Akinguruma karibu na bakuli, ni njaa ya zamani. Akinguruma ukimwinamia, acha kumwinamia: keti sakafuni, ubavu wako umwelekee, umwache yeye aje. Usimwadhibu kwa kunguruma. Utamfundisha kuuma bila kuonya. Kwa kubadilisha bendeji, mzoeshe kifunga mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema.

Akikuuma na chanjo yake hujui, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anaonekana mzima.

## Amepona ghafla

Siku ya 6 hadi ya 10 unaamka unakuta mbwa mwingine. Mkia unapiga kizimba, anaruka ukishika kamba, anataka kitanda chako. Hii nayo ni dalili, na ndiyo inayorudisha wengi chumba cha upasuaji. Ngozi imefungika kwa juu, lakini jeraha la wiki 3 huwa na takriban sehemu moja kwa tano tu ya nguvu ya mwisho. Mfupa wa mbwa mzima huhitaji wiki 6 hadi 8, na ni eksirei inayosema umeunga, siyo mwendo wake.

Endelea na kizimba au chumba kidogo, kamba fupi hata akienda kukojoa, ngazi hapana, sofa hapana. Mchoshe akili badala ya miguu: ficha punje za chakula ndani ya taulo lililokunjwa, azitafute kwa pua. Kama anajirusha ndani ya kizimba hadi kinatikisika, mwombe daktari dawa ya kumtuliza kwa siku hizo. Madaktari huitoa mara kwa mara.

Pili alifika huko siku ya 9. Nilimkuta amepanda sofa kwa miguu mitatu, ametulia, amelala ubavu, kidonda juu. Nilimteremsha mikononi nikamrudisha kwenye godoro lake, kisha nikaligeuza sofa likatazama ukuta hadi nyuzi zilipotolewa.